Flashi na kadi za memori zinazokataa kuandikwa ("diski imelindwa"): tusaidiane hapa

#1 BintiMvita_Picha, Jumapili usiku

Salaam aleikum wadau. Kazi yangu ni picha na video za harusi hapa Mombasa, hasa upande wa kina mama: singo, kupamba, na mambo yote ya ndani. Nimepatwa na mawili kwa mpigo.

Kwanza, kadi ya SD ya 64GB ya kamera. Nikiichomeka kwenye laptopu picha naziona zote, ila nikitaka kufuta au kubadilisha jina la folda naambiwa diski imelindwa, niondoe kinga au nitumie diski nyingine. Pili, flashi ya 32GB niliyokuwa namtilia bibi harusi picha zake za kupamba. Ilikwama katikati ya kunakili, na tokea hapo haiongezi, haifuti, haifomatiki. Ujumbe ni ule ule.

Laptopu ni ya Windows 10. Mtandaoni kila mtu ana lake: huyu registri, huyu diskpart, yule anataka nishushe programu nisiyoijua baba wala mama. Nianze wapi? Mwenye picha anasafiri Ijumaa.

#2 Kijana_Kisauni, Jumapili usiku

Dada mbona hiyo ndogo! Fungua cmd (lile dirisha la kuandikia amri), diskpart, list disk, select disk, clean. Umemaliza. Usijitie presha.

#3 FundiMakupa, Jumapili usiku

Dada, hiyo #2 iache kwanza. Diskpart ni chombo cha Windows cha kupanga diski, na clean yake haifungui kinga yoyote, inafuta orodha ya sehemu za diski nzima. Ukiteleza kwenye namba ya diski, laptopu yako ndiyo itakayosafishwa, na hapo hatutazungumzia flashi tena.

Kabla ya amri yoyote: kinachosomeka kinakiliwe. Leo usiku, usingoje kesho. Flashi inayosoma lakini haiandiki inaweza kusoma mwaka mzima, na inaweza kukataa ukiichomoa tu. Nakili kwenye laptopu, kisha fungua picha kadhaa za mwanzo, za kati na za mwisho uone zinafunguka kweli. Jina la faili kuonekana si ushahidi kwamba picha ipo.

Ukishamaliza, nijibu haya: kile kijiswichi cha ubavuni mwa kadi kiko wapi? Kadi ukiirudisha kwenye kamera inapiga na kufuta? Na unaisomea wapi, kwenye tundu la laptopu au rida ya USB, yaani kile kisomea kadi cha kuchomeka? Matatizo yako mawili yana ujumbe mmoja, lakini mimi nahisi hayana uhusiano kabisa.

#4 BintiMvita_Picha, Jumapili usiku

Ahsante fundi. Nimenakili zote. Za kadi ziko salama. Za flashi zilizokuwa zimeshaingia zinafunguka, isipokuwa ile ya mwisho iliyokatikia njiani, nusu yake ni kijivu. Bahati asili zake ninazo kwenye kadi.

Kijiswichi kiko juu, yaani kimefunguliwa. Kamera inapiga na inafuta bila neno. Nasomea kwenye tundu la kadi la laptopu.

#5 FundiMakupa, Jumatatu asubuhi

Basi kadi yako ni nzima. Kile kijiswichi hakijaungwa na waya wowote ndani ya kadi. Ni kipande cha plastiki kinachoteleza tu, na kadi yenyewe haijui kama kimefungwa au kimefunguliwa. Anayejua ni tundu: pembeni mwake kuna kijichuma chembamba kinachogusa ubavu wa kadi na kuangalia kipande kile kiko wapi, halafu rida ndiyo inayoiambia kompyuta "hii usiiandike". Kijichuma kikipinda, kikishika kutu au kikizibwa na vumbi, kila kadi utakayoingiza itaonekana imefungwa hata kama haijafungwa.

Na sisi huku pwani kutu si hadithi. Hewa ina chumvi, laptopu ikikaa dirishani upande wa bahari, matundu yake huanza kufanya vituko mapema kuliko ya mtu wa Nairobi.

Ushahidi wako ni kamera: inaandika na kufuta kwenye kadi hiyo hiyo. Azima rida ya USB uijaribu. Ikikubali, tundu la laptopu ndilo bovu.

Kwa wengine wanaosoma: kama kamera nayo inalalamika kadi imefungwa, tazama kipande chenyewe. Shika kadi maandishi yakikutazama na upande wa mguso ukiwa juu. Kijiswichi kiko kushoto. Kushuka ni kufunga, kupanda ni kufungua. Kadi zilizotumika sana kipande hulegea, unaingiza kadi kikiwa juu, msuguano wa tundu unakisukuma chini. Wengine kimeshadondoka kikapotea. Hapo bandika kipande kidogo cha seloteipu nyembamba pale kijiswichi kinapokaa kikiwa kimefunguliwa. Kiwe laini na kisivuke hadi kwenye miguso ya shaba, ama kadi itanasa ndani ya kamera na utanitafuta kwa jambo jingine.

#6 MzeeWaDiski, Jumatatu asubuhi

Hili la kijiswichi limenikumbusha mbali. Diski zetu za plastiki za inchi 3.5 zilikuwa na kitundu kwenye pembe. Kitundu kikiwa wazi, imefungwa, ukikiziba, inaandikika. Zile kubwa laini za inchi 5.25 zilikuwa kinyume chake: ukiziba pengo la ubavuni kwa karatasi ya gundi ndio umeifunga. Ofisi yenye aina zote mbili ilikuwa vurugu tupu. SD ilipotoka mwaka 1999 wakaturithisha swichi ile ile.

#7 Kijana_Kisauni, Jumatatu mchana

Mzee shikamoo, hizo ulizitumia wewe na Vasco da Gama 😂

#8 MzeeWaDiski, Jumatatu mchana

Marahaba. Yeye alikuja na za inchi 8.

#9 BintiMvita_Picha, Jumatatu jioni

Fundi, Mungu akubariki. Nimeazima rida ya jirani, kadi imefuta, imeandika, kila kitu. Kwa hiyo ni tundu la laptopu. Hilo nitaliacha hivyo hivyo nitumie rida, sina haja ya kulifungua.

Sasa ile flashi. Nimeijaribu kwenye kompyuta mbili nyingine na kwenye televisheni. Inasoma kote, haiandiki kokote.

#10 LinuxBondeni, Jumatatu usiku

Kama haiandiki kokote basi kompyuta yako haina kosa, na zile habari za registri, yaani daftari la mipangilio la Windows, zisahau. Ila tuhakikishe badala ya kukisia. Fungua cmd kama msimamizi, kisha moja moja:

diskpart
list disk
select disk 1
attributes disk

Hiyo 1 ni mfano. Itambue kwa ukubwa: flashi ya 32GB Windows itaionyesha kama 28 au 29 GB, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa maelfu na Windows inahesabu kwa 1024. Diski 0 kwa kawaida ni ya laptopu yenyewe, usiiguse. Amri hii ya mwisho haibadilishi kitu, inasoma tu. Tubandikie inachosema mistari miwili ya mwanzo.

#11 BintiMvita_Picha, Jumatatu usiku

Imesema hivi:

Current Read-only State : Yes
Read-only : No

Mbona inajipinga?

#12 LinuxBondeni, Jumatatu usiku

Haijipingi. Mstari wa pili ni alama ambayo Windows yenyewe huiweka. Hapo ni No, yaani Windows haijaifunga. Mstari wa kwanza ni hali halisi ya diski sasa hivi, nayo ni Yes. Maana yake kufuli linatoka ndani ya flashi.

Ingekuwa Yes zote mbili, ungeandika attributes disk clear readonly na pengine ingefunguka. Kwako amri hiyo itakuambia imefanikiwa, na flashi itabaki vile vile. Watu wengi hudanganyika hapo, wanasoma neno la mafanikio wanadhani wamekosea hatua fulani mbele, wanarudia usiku kucha.

Upande wetu wa Linux, ukichomeka kisha ukaandika dmesg utaona mstari kama huu:

[sdb] Write Protect is on

Huo haujaandikwa na Linux kwa hiari yake. Inaiuliza flashi inapochomekwa, na flashi inajibu.

#13 FundiMakupa, Jumanne asubuhi

LinuxBondeni kamaliza. Niongeze kwa nini inajifunga.

Ndani ya flashi kuna vitu viwili: chipu ya kumbukumbu inayobeba data, na kontrola, yaani chipu ndogo inayosimamia. Kumbukumbu huandikwa kwa kurasa lakini hufutwa kwa vitalu vizima, na kila kitalu kina idadi ya mara kinazoweza kufutwa kabla ya kuchoka. Kwa chipu za bei rahisi za siku hizi tunazungumzia mamia hadi elfu chache, hatuzungumzii milioni. Kiwanda huacha vitalu vya akiba visivyohesabiwa kwenye ukubwa unaouona. Kitalu kikifa, kontrola hukiweka kando na kuchukua cha akiba, wewe hujui lolote, sawa na abiria aliyelala lori likabadilisha tairi Mariakani.

Akiba ikiisha, au kontrola ikikuta hitilafu kwenye majedwali yake yenyewe, nyingi zimeundwa zikatae kuandika kabisa. Kuendelea kuandika kungeharibu hata kile kilichopo. Kwa hiyo dada, ile kukwama katikati ya kunakili ndiyo ilikuwa dalili yenyewe. Flashi iliandika, ikashindwa, ikajifunga. Imekuachia usome uondoe mali yako.

Ndiyo maana sipendi haya maneno ya "kuondoa kinga". Aliyeweka kinga hapa ni kontrola, na kaiweka kwa sababu.

Na registri, kwa faida ya wengine. Njia inayotajwa kila mahali ni hii:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\StorageDevicePolicies

Ndani yake WriteProtect ikiwa 1, kompyuta hiyo haiandiki kwenye flashi yoyote. Ikiwa 0, inaandika. Kwenye kompyuta nyingi za nyumbani folda hiyo haipo kabisa, na kutokuwepo kwake ni hali ya kawaida. Maelezo ya mtandaoni yanakwambia "kama haipo iunde". Kuunda kitu ili uweke sifuri ambayo ndiyo hali uliyokuwa nayo tangu mwanzo, ni kupoteza muda. Njia hiyo ina maana pale tu ambapo KILA flashi inakataa kwenye kompyuta MOJA.

#14 Kijana_Kisauni, Jumanne mchana

Fundi sikatai, lakini yangu ilikuwa imejifunga vivyo hivyo nikaifungua. Unatumia programu ya ChipGenius kujua kontrola ni ya nani, kisha unashusha programu ya kiwandani ya kontrola hiyo, unaipiga upya. Mpaka leo inafanya kazi.

#15 FundiMakupa, Jumanne mchana

Kweli, inawezekana, na mimi huifanya. Lakini sema yote yakhe. Programu zile zinafuta kila kitu, hazina rehema. Zinatafutwa kwenye tovuti za vichochoroni, nusu yake zimebeba virusi. Ukikosea toleo, flashi haitambuliki tena hata kusomwa. Na ikifanikiwa, umepata flashi yenye chipu ile ile iliyochoka, pengine imepungua ukubwa. Ya nyimbo za tuktuk, sawa. Ya harusi ya mtu? Mimi siiwezi dhamana hiyo.

#16 BintiMvita_Picha, Jumanne jioni

Nimeelewa, siihitaji tena. Nimempigia aliyeniuzia mjini, bado ina waranti na amekubali kunibadilishia. Kesho naipeleka. Wallahi nilikuwa nimeshakata tamaa.

#17 MamaSaiba_Bombolulu, Jumanne usiku

Mwanangu ngoja kwanza. Nasoma tu kimya tangu juzi lakini hapa lazima niseme.

Hiyo flashi si umesema ina picha za kupamba? Na si umesema haifutiki? Sasa unampelekea nani?

#18 BintiMvita_Picha, Jumanne usiku

Ya Rabi. Hilo halikunipita akilini kabisa.

#19 MamaSaiba_Bombolulu, Jumanne usiku

Ndio maana nikasema. Wanaume humu huenda wasilione uzito wake. Kupamba ni usiku wa wanawake watupu. Bibi harusi hana baibui hana mtandio, mama yake na shangazi zake wanacheza wamejiachia, wako ndani kwao. Harusi nyingi simu hukatazwa mlangoni. Mpigapicha mwanamke anatafutwa kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo riziki ya binti huyu. Halafu flashi iende kaunta ya duka, itoke kaunta iende kwa msambazaji, itoke huko iende kiwandani, na kila atakayeichomeka anaziona zote, maana kusoma inasoma vizuri tu!

Mimi saiba yangu naona flashi zinavyosahauliwa. Mtu anakuja kuchapisha fomu anaacha maisha yake yote kwenye mashine. Nyingine ukizifungua kutafuta jina la mwenyewe unatamani usingefungua. Bei ya flashi ya 32GB na heshima ya nyumba ya watu, mwanangu, hata havikai mezani pamoja.

#20 FundiMakupa, Jumanne usiku

Mama umenena. Huku ndiko kunakosahauliwa hata na sisi mafundi. Flashi iliyojifunga haiwezi kusafishwa na programu yoyote: kufuta ni kuandika, kufomati ni kuandika. Waranti ya flashi yenye siri maana yake ni kutoa siri ili urudishiwe plastiki.

Dada, duka likikubali picha ya flashi iliyovunjwa pamoja na risiti, sawa. Wakisisitiza waipate nzima, waachie waranti yao.

#21 Chuma_Tanga, Jumatano asubuhi

Wakuu, salamu kutoka Tanga. Si mumsaidie tu kwa sumaku kali? Ipitishe juu yake mara kadhaa, data kwisha.

#22 LinuxBondeni, Jumatano asubuhi

Karibu mkuu. Sumaku ilikuwa dawa ya diski za Mzee #6 na kanda. Flashi haihifadhi kwa sumaku, inahifadhi chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya seli. Utaipitishia sumaku ya spika ya matatu na picha zitakuwa pale pale. Na maji ya bahari vile vile: mguso utashika kutu, lakini chipu iliyofunikwa kwa plastiki nyeusi inaweza kukaushwa ikasomwa. Na tafadhali mtu asitie kitu kwenye maikrowevu.

#23 FundiMakupa, Jumatano asubuhi

Ivunje, lakini jua unavunja nini. Kukata ule mdomo wa chuma unaoingia kwenye kompyuta hakusaidii, mdomo mwingine unauzwa na fundi anauchomelea.

Pasua ganda la plastiki pembeni kwa kisu butu. Ndani utakuta moja kati ya mawili. Ama kibao cha kijani chenye chipu mbili: ndogo ya mraba ndiyo kontrola, na kubwa ya mstatili, mara nyingi yenye vijiguu vingi pande mbili, ndiyo kumbukumbu. Unayoitaka ni hiyo kubwa. Ama utakuta kipande kimoja cheusi bapa chenye miguso minne ya dhahabu, kila kitu kimefungwa humo humo.

Kwa vyovyote, shika kwa koleo na uivunje chipu yenyewe vipande, ukisikia inapasuka ndani kama kigae ndio yenyewe imevunjika. Kuikwaruza juu hakutoshi. Funika kwa kitambaa na uvae miwani, vipande huruka.

#24 BintiMvita_Picha, Jumatano usiku

Imekwisha. Ilikuwa ile ya kipande kimoja cheusi. Nimeifunga kwenye leso kuukuu, koleo la kaka yangu, imevunjika vipande. Duka walikataa picha, wakataka nzima, nikawaambia basi. Bibi harusi nimemnunulia nyingine na nimeshamkabidhi.

Sasa swali: nikiwapa wateja flashi nyingine, kuna namna ya kuifunga kwa neno la siri ili ikija kujifunga hivi mtu asione kitu?

#25 LinuxBondeni, Jumatano usiku

Ipo, na inafaa uianze leo. VeraCrypt ni programu ya bure, unatengeneza chombo kimoja kikubwa ndani ya flashi, picha zinaingia humo zikiwa zimefumbwa, yaani hazisomeki bila neno la siri. Mteja atahitaji VeraCrypt kufungua. Ukiwa na Windows toleo la Pro kuna BitLocker, inafanya kazi hiyo hiyo. Toleo la Home haiwezi kuifumba flashi lakini inaweza kufungua iliyofumbwa na Pro, kwa hiyo mteja mwenye Home hana shida. Televisheni haitafungua yoyote kati ya hizo, waambie mapema.

Kwenye kadi ya kamera haiwezekani, kamera haijui kuandika ndani ya chombo kilichofumbwa. Kwa kadi dawa ni kuistaafisha mapema ikianza vituko, ukaifuta ingali inafutika.

#26 Karani_Kilindini, Alhamisi asubuhi

Nami nisaidieni. Ofisini kwetu kazi ni makaratasi ya kutoa mizigo bandarini. Tangu wiki iliyopita flashi zote zinasoma, haziandiki, kwenye kompyuta zote za ofisi. Nyumbani flashi hizo hizo ni nzima. Nimeangalia registri ya #13, folda haipo.

#27 FundiMakupa, Alhamisi asubuhi

Flashi zote, kompyuta zote, kwa siku moja? Hiyo si hitilafu kaka, ni sera. Msimamizi wa mtandao wenu ameweka kanuni inayokataza kuandika kwenye vifaa vya kuchomeka. Windows ina kanuni hiyo, na ina nyingine inayokubali kuandika kwenye flashi zilizofumbwa kwa BitLocker peke yake. Zinakaa sehemu nyingine ya registri, ndiyo maana hukuona kitu.

Muulize yeye. Usijaribu kuipita kichinichini, kumbukumbu za majaribio zinabaki na jina lako.

#28 Karani_Kilindini, Alhamisi mchana

Nimemuuliza. Ni kweli, na ati barua pepe ya kutujulisha ilitumwa. Hakuna aliyeisoma 😅

#29 TuktukLikoni_Nambari1, Ijumaa usiku

Wadau mimi sina mengi. Kadi ndogo ya simu, microSD, naitia kwenye ile adapta kubwa nipakie nyimbo kwa laptopu ya shemeji. Inaniambia imelindwa. Kadi ndogo mbona haina swichi?

#30 LinuxBondeni, Ijumaa usiku

Kadi ndogo haina, lakini adapta inayo, na kwa tundu la kadi adapta ndiyo inayoonekana. Tazama ubavu wake, kisukume juu. Kama kinacheza cheza, tupa adapta hiyo. Kama kimekaa sawa na bado inakataa, irudishe kadi kwenye simu ujaribu kupiga picha iende kwenye kadi. Simu ikiandika, kadi haina kosa.

Jambo jingine kwa ninyi wa redio za gari: kuchomoa wakati wimbo unapakiwa, au stima ikapotea kompyuta ikazima, mfumo wa faili, yaani mpangilio wa kuhifadhi faili ndani ya kadi, unabaki na alama ya kutofungwa vizuri. Linux ikikuta makosa humo inaweza kuugeuza uwe wa kusoma tu katikati ya kazi. Hapo kinga ni ya mfumo wa faili, kadi ni nzima. Kuutengeneza, kwa Windows ni chkdsk E: /f, ukibadilisha E kwa herufi yako. Kwa Linux itenganishe kwanza na folda yake kwa umount bila kuichomoa, kisha fsck.vfat -a na jina la sehemu yake. Ikiwa chkdsk nayo inakujibu kwamba diski imelindwa, umerudi kwenye habari ya #12.

#31 Chuma_Tanga, Ijumaa usiku

Nichomekee hapo hapo. Mimi flashi yangu Mac inasoma haiandiki, Windows inaandika vizuri. Nayo imechoka?

#32 LinuxBondeni, Ijumaa usiku

Haijachoka mkuu. Imefomatiwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, na Mac yenyewe husoma NTFS bila kuiandika. Nakili vilivyomo, ifomati exFAT, itaandikwa na zote mbili.

#33 TuktukLikoni_Nambari1, Jumamosi asubuhi

Kilikuwa adapta. Kijiswichi kinashuka chenyewe nikiingiza. Nimepata nyingine, nyimbo zimeingia zote. Sasa redio ya tuktuk haioni hata wimbo mmoja! Kadi ni ya 128GB, mpya.

#34 FundiMakupa, Jumamosi asubuhi

Kadi za zaidi ya 32GB hutoka dukani zikiwa exFAT, na redio nyingi za bei nafuu zinajua FAT32 peke yake. Dirisha la kufomati la Windows 10 halitakupa FAT32 kwa ukubwa huo. Tumia programu ya Rufus, chagua kutoweka mfumo wowote wa kuwashia, kisha FAT32. Itafuta vyote, kwa hiyo nyimbo zibaki kwenye laptopu kwanza. Na faili moja isizidi 4GB, ingawa kwa nyimbo hufiki huko labda uwe unapakia taarabu ya usiku mzima kwa faili moja.

#35 TuktukLikoni_Nambari1, Jumamosi mchana

Imekubali. Natoka Likoni saa hizi, anayeshuka feri anisikilize.